Kirusi Juu ya Gamba, Saratani Chini Yake: Kisa cha Kidonda cha Panja Lubumbashi

Kisa hiki kimeshonwa kutokana na visa vinavyofanana, kwa ajili ya kufundishia. Hakuna mgonjwa mmoja anayetambulika humu.

Mama wa miaka 34, mwenye ualbino, anauza vocha za simu pembeni mwa barabara huko Katuba, Lubumbashi. Wateja wanaziita «unité», naye wengine wanamwita «ndundu», jina la mtaani la mwenye ualbino, bila kufikiria. Meza yake iko chini ya mwavuli uliochanika upande mmoja, na anakaa akitazama magharibi. Jambo hilo la mwisho lilitakiwa kuandikwa kwenye faili siku ya kwanza, na halikuandikwa. Kuanzia mwisho wa Februari hadi mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri la Lubumbashi liko kaskazini, yaani upande wa kulia wa mtu anayetazama magharibi. Kidonda kilitoka panja la kulia.

Alipofika mara ya kwanza kilikuwa na miezi tisa. Upana ulikuwa sentimita 1.4. Kingo zilikuwa zimeinuka, katikati pana gamba la manjano lililokuwa likidondoka na kurudi, na chini yake nyama ngumu kama mpira ukiibana kwa vidole viwili. Kiliguswa kidogo kikatoa damu. Kwenye masikio, mdomo wa chini na migongo ya mikono kulikuwa na magamba makavu, mengine yanahisiwa kwa kidole kabla hayajaonekana kwa jicho: madoa ya jua, ambayo ni hatua iliyo kabla ya saratani. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi.

Kwa mtu mwenye ualbino, kidonda kigumu cha usoni kisichopona kwa mwezi mmoja ni saratani ya seli bapa hadi biopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa, ikatae. Hapakuwa na haja ya kipimo kingine chochote kabla ya kukata kipande. Badala yake kilichukuliwa kijiti cha pamba, kikapanguswa juu ya gamba, kikatumwa nje ya nchi kutafutwa papilomavirusi.

Majibu yalirudi baada ya wiki nne: HPV, kifupi cha papilomavirusi za binadamu, chanya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa mantiki iliyokuwa inaeleweka kabisa. Kwenye kituo kimoja, muuguzi alisoma «HPV», akaiona chunjua, akatoa dawa ya chunjua: podofilini ya asilimia 25, akapaka mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Sehemu ya juu ikaungua na kuwa nyeusi, ikadondoka, kidonda kikaonekana kimepungua. Chini yake kiliendelea kukua. Wiki tatu zilizofuata zilipotea kutafuta pesa ya kipimo cha pili, cha kujua ni aina gani ya HPV. Pesa hiyo ingelipia biopsi na chenji ibaki. Jibu likaja: aina ya 8 na aina ya 23.

Jumla ni wiki kumi na moja. Kidonda kilitoka sentimita 1.4 kikafika 2.3. Katika upangaji wa hatua za saratani hii ya kichwa na shingo, sentimita 2 ndiyo mstari kati ya T1 na T2, yaani daraja la kwanza na la pili la uvimbe. Mama huyu alivuka mstari huo akiwa na karatasi ya maabara mkononi.

Kwa nini pamba ilikuta kirusi

Kwa sababu ingekikuta hata kwenye kidevu cha muuguzi mwenyewe.

Papilomavirusi za binadamu zinazojulikana ni zaidi ya aina 200. Kila moja ni duara la DNA lenye takriban herufi 8,000 ndani ya ganda la protini. Redio ikitaja HPV inazungumzia kundi la alfa, hasa aina ya 16 na 18, zinazokaa kwenye shingo ya kizazi na kupita kwa kujamiiana. Aina ya 8 na 23 ni za kundi la beta. Hizo ni wakazi wa ngozi ya kawaida. Zinakaa kwenye vifuko vya nywele, zinazaana kidogokidogo, na zinadondoka pamoja na seli zilizokufa. Mtoto huzipata katika siku na wiki za mwanzo za maisha, kwa kushikwa, kubebwa na kubusiwa na watu wa nyumbani kwake. Ukinyofoa nywele chache za nyusi za mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, kuna uwezekano mkubwa wa kuzikuta.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima ngozi yenye afya ya watu wa Sweden, Bangladesh, Japan, Ethiopia na Zambia. Katika kila nchi sehemu kubwa ya sampuli ilikuwa na HPV za ngozi, na aina zilizopatikana zilikuwa kadhaa wa kadhaa. Zambia ni hapo tu ukivuka mpaka wa Kasumbalesa.

Utafiti unaogusa kisa hiki moja kwa moja ni wa mwaka 2004, wa kundi la Ola Forslund huko Sweden. Walichukua uvimbe wa ngozi wa aina mbalimbali na kupima kila mmoja mara mbili. Kwanza walipangusa juu kwa pamba. Kisha wakabandika utepe wa gundi na kuubandua mara kwa mara hadi tabaka la seli zilizokufa likaisha, ndipo wakakata kipande. Pamba ya juu ilikuta HPV katika asilimia 69 ya vivimbe. Vipande vilivyokatwa baada ya kubandua vilikuwa nayo katika asilimia 12 tu. Uvimbe ni uleule, mtu ni yuleyule, siku ni ileile. Kirusi kingi kilikuwa juu ya saratani, hakikuwa ndani yake, na gamba nene la kidonda ni mahali pazuri pa kirusi hiki kujikusanyia.

Kwa hiyo pamba ya mama wa Katuba ilipima gamba.

Je, kirusi hakina kosa lolote?

Hapa kuna ubishi wa kweli, na mtu anayesema «HPV haihusiki na saratani ya ngozi» anakosea sawa na yule aliyepaka podofilini.

Mwaka 1922 Lewandowsky na Lutz walieleza ugonjwa wa kurithi wa madoa bapa yasiyoisha, epidermodisplasia verusiformisi. Miaka ya 1970 Stefania Jabłońska wa Warsaw na Gérard Orth wa Paris walionyesha kwamba madoa hayo yamejaa HPV za beta, na kwamba saratani zinazotokea juu yake, hasa sehemu zinazopigwa na jua, mara nyingi zina aina ya 5 au ya 8. Jeni zake zilijulikana baadaye: TMC6 na TMC8 mwaka 2002, CIB1 mwaka 2018. Zikiharibika, seli za ngozi haziwezi tena kukizuia kirusi kisichowasumbua watu wengine. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, limeziweka aina ya 5 na ya 8 kwenye kundi la 2B, yaani huenda zinasababisha saratani, lakini kwa wagonjwa hao tu.

Kwa watu wengine ushahidi ni wa namna nyingine. Katika saratani ya shingo ya kizazi, kirusi kimo ndani ya seli za uvimbe, na jeni zake E6 na E7 zinafanya kazi bila kupumzika. Zizime, seli za saratani zinaacha kukua au zinakufa. Katika saratani ya ngozi inayoletwa na jua, nakala za kirusi mara nyingi ni pungufu ya moja kwa kila seli, wakati mwingine moja kwa maelfu ya seli, na ukitafuta ujumbe wa jeni zake huupati. Cha kushangaza, madoa ya jua yaliyo kabla ya saratani huwa na kirusi kingi kuliko saratani yenyewe. Ndipo likaja wazo la mgeni anayewasha moto na kuondoka: kirusi kinazuia seli iliyounguzwa na jua kutengeneza DNA yake au kujiua, uharibifu wa jua unajikusanya, kisha saratani ikishasimama haimhitaji tena. Mwaka 2017 na 2018 wazo hilo lilipata nguvu kwa panya. Mmoja wao ni Mastomisi, ndugu wa yule panya anayejaa kwenye ghala za mahindi Katanga. Wenye papilomavirusi yao ya asili, wakipigwa mionzi ya UV, walipata saratani kwa urahisi kuliko wasio nayo, na vivimbe vilivyokuwa vimeharibika zaidi havikuwa tena na kirusi.

Halafu mwaka 2019 ukatoka utafiti mwingine wa panya uliogeuza picha: kinga ya mwili iliyokuwa imezoea papilomavirusi ya ngozi iliwalinda dhidi ya saratani. Yaani kirusi hichohicho, kwa mwenye kinga nzima, huenda kinawafundisha askari wa mwili kuzitambua seli mbaya.

Kwa mama huyu, mwenye kinga nzima na ngozi isiyo na melanini (rangi inayoikinga na jua), mchango wa kirusi hata kama upo haubadilishi hatua moja ya matibabu. Hakuna dawa ya kuua HPV ya beta. Chanjo za HPV zilizopo zimetengenezwa dhidi ya aina za alfa, na haziponyi uvimbe uliokwisha kutokea. Jua la Lubumbashi, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi na nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, linatosha kueleza kidonda chote.

Biopsi, mara mbili

Wiki ya kumi na mbili kikakatwa kipande, nacho kikakatwa vibaya. Kilikwanguliwa juujuu kwa wembe, siku mbili baada ya podofilini ya mwisho kupakwa upya «kukausha», na fomu haikutaja dawa hiyo. Podofilini inasimamisha seli katikati ya kugawanyika. Chini ya hadubini inaacha seli zenye viini vya ajabu na migawanyiko mingi iliyoganda, zinazofanana sana na saratani iliyo bado juu ya ngozi. Mtaalamu wa patholojia aliona seli mbaya, hakuona tabaka la chini, akaandika kwamba hawezi kusema kama zimepenya. Aliandika ukweli. Wa kulaumiwa ni kipande.

Mara ya pili ilifanywa hivi. Dawa ya ganzi, lidokaini ya asilimia 1 yenye adrenalini, mililita 3, yaani miligramu 30; kwa mtu wa kilo 55 kikomo ni karibu miligramu 385, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania sindano na kumwumiza mtu. Subiri dakika kumi, adrenalini ipunguze damu. Kata kipande chenye umbo la kabari kwenye ukingo, nusu kikiwa uvimbe na nusu ngozi ya pembeni, ukishuka hadi uone mafuta ya manjano. Katikati ya kidonda usiguse, huko kuna uozo na usaha tu. Usiminye kipande kwa koleo. Kishike kwa ncha ya sindano.

Kichupa kiwe na mdomo mpana na formalini, dawa ya kuhifadhia kipande, mara kumi hadi ishirini ya ukubwa wake. Iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa, na ikikosekana tayari, hutengenezwa hivi: mililita 100 za formaldehaidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, maji safi mililita 900, sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili gramu 4, na ya hidrojeni moja isiyo na maji gramu 6.5. Dirisha wazi, glavu mkononi. Formalini isiyosawazishwa inageuka kuwa tindikali na kukatakata DNA, na kipande kikilala humo wiki mbili kikisubiri gari, vipimo vya rangi za protini navyo vinadanganya. Siku moja hadi mbili zinatosha, kisha kipande kiingie kwenye nta. Fomu ya mara hii iliandika: ualbino, miezi kumi na miwili, podofilini mara tano, tarehe ya mwisho.

Jibu: saratani ya seli bapa, iliyokomaa wastani, imepenya.

Mtu mmoja alipendekeza rangi ya protini p16 kujua kama HPV ndiyo chanzo. Kwenye shingo ya kizazi na kooni ina maana. Kwenye ngozi iliyopigwa na jua, p16 hung'aa mara nyingi bila HPV yoyote. Ilikataliwa, na hiyo pengine ndiyo pesa pekee iliyookolewa katika kisa hiki.

Upasuaji

Kabla ya kisu, vitu viwili. Tezi: mbele ya sikio, ndani ya tezi ya mate, na chini ya pembe ya taya hadi katikati ya shingo, hakuna iliyovimba. Neva: mwambie ainue nyusi zote mbili, piga picha. Tawi la neva la paji la uso linapita kwenye mstari kutoka nusu sentimita chini ya kigubiko cha tundu la sikio hadi sentimita moja na nusu juu ya mwisho wa unyusi, chini kidogo tu ya ngozi ya panja. Mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema kwamba unyusi wa kulia unaweza usiinuke tena. Asipoambiwa atadhani umemkosea, na atakuwa na haki.

Ukubwa na mahali pake viliuweka uvimbe huu kwenye kundi la hatari, kwa hiyo ukingo wa ngozi nzima ulipimwa kwa rula milimita 8 kuzunguka na kuchorwa kwa kalamu kabla ya sindano, maana sindano huvimbisha ngozi na kupoteza mpaka. Ulikatwa pamoja na mafuta, hadi juu ya utando. Ili pande zijulikane, ulishonwa uzi mmoja mrefu kwenye namba 12 ya uso wa saa, mfupi kwenye namba 3, kipande kikabanwa kwa pini kwenye kadibodi ili kisijikunje.

Kishawishi kikubwa mahali hapa ni kuvuta ngozi ya shavu na kuziba shimo palepale, maana sura inatoka nzuri. Ila kama ukingo una saratani, umeshauhamisha na hujui tena ulipo. Shimo lilifunikwa kwa shashi yenye vaselini, likasubiri jibu siku tisa. Kingo safi, kina milimita 4, neva hazikuvamiwa. Kina kikizidi milimita 6, au neva kubwa ikivamiwa, hatua ingepanda hadi T3. Siku ya kumi ngozi ya unene kamili kutoka juu ya mtulinga ilipandikizwa, ikakandamizwa kwa bunda la shashi lililofungwa na nyuzi kwa siku sita. Unyusi unainuka, nusu.

Magamba ya mikono na masikio yalitibiwa kwa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, mara mbili kwa siku, wiki tatu. Ngozi huwa nyekundu na kuchubuka katika wiki ya pili, na wengi huacha hapo wakidhani dawa imewadhuru. Hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Isitumiwe na mjamzito.

Wakati kirusi kinastahili kutafutwa

Wapo wagonjwa ambao swali la HPV ni la maana. Mtoto au kijana mwenye VVU, mwenye madoa bapa meupe shingoni, kifuani na mikononi, aliyepewa dawa ya fangasi miezi na madoa yakabaki palepale: hayo mara nyingi si fangasi bali ni HPV za beta zilizopata mwanya kinga iliposhuka, na sura yake inafanana na ule ugonjwa wa kurithi. Huendelea hata baada ya dawa za VVU kufanya kazi. Mwenye figo ya kupandikizwa ni mwingine. Pia kidonda cha pembeni mwa ukucha kinachoonekana kama chunjua isiyopona kwa miaka: hapo aina ya 16, ile ya alfa, hukutwa ndani ya seli za saratani, na kipande kikatwe mapema.

Hata hapo, kifaa kiwe sahihi. Kipimo cha HPV cha mashine ya GeneXpert kinatafuta aina 14 za alfa za shingo ya kizazi. Hakizioni za beta. Ukikitumia kwenye ngozi, «hasi» yake haisemi lolote kuhusu aina ya 5 au ya 8.

Nyumbani

Karatasi ya kwanza ilikuwa imefika nyumbani kabla ya maelezo. Mume alikuwa amesikia redioni kwamba HPV ni ya kujamiiana, akaanza kulala sebuleni. Shemeji akatenga sahani na taulo. Swali la mume, alipoitwa, lilikuwa moja.

«Dokta, huyu ameitoa wapi?»

«Papa, hiyo hata wewe unayo. Pengine ulipewa na mama yako alipokuwa akikubeba mgongoni. Sahani zirudishwe pamoja.»

Saratani yenyewe haiambukizi. Taulo, kitanda, sahani na watoto havihitaji kutengwa, na ualbino wake haumfanyi awe na kirusi kibaya kuliko cha jirani.

Kilichobaki ni jua. Kofia yenye ukingo wa sentimita 7 na nusu au zaidi kuzunguka pande zote. Kepu inaacha masikio na panja wazi. Nguo ya mikono mirefu iliyosukwa kwa kubana, ujaribu kwa kuinyanyua kuelekea dirishani: ikipitisha mwanga, inapitisha jua. Losheni ya kinga ya SPF 30 au zaidi, kijiko kimoja cha chai kwa uso, shingo na masikio, irudiwe kila saa mbili. Watu wengi hupaka robo ya hiyo ili chupa idumu, na robo hailindi ipasavyo. Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inadanganya: upepo unapoza ngozi, UV haipoi. Uchunguzi kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, ngozi yote na tezi zote.

Mwavuli uliochanika ulibadilishwa, lakini meza ndiyo iliyosaidia zaidi. Kuna ukuta wa matofali unaokwenda mashariki hadi magharibi, mita chache kutoka alipokuwa akikaa. Kuanzia Machi hadi Oktoba kivuli chake cha adhuhuri kinaangukia kusini, na meza imewekwa huko. Novemba jua likihamia kusini, meza inavuka upande wa pili wa ukuta, na wateja wameshaanza kuzoea kumtafuta upande ule.